Beryl Markham: Bingwa wa farasi aliyefunikwa na sifa ya ndege

JINA la Beryl Markham linapotajwa, wengi hukumbuka usiku mmoja tu wa Septemba, 1936, aliporusha ndege ndogo akiwa peke yake kutoka Uingereza, akavuka Bahari ya Atlantiki na kutua kwa kishindo kwenye tope nchini Canada. Habari ya usiku huo ilienea magazetini pande zote za dunia, na hadi leo ndiyo inayotangulia kila anapoandikwa.

Hata hivyo, safari ile ilichukua takribani saa 21 tu. Kazi aliyoifanya kwa miaka mingi zaidi, aliyoianza kabla hajajua urubani na kuirudia baada ya kuuacha, ni ile ya kufunza farasi wa mbio katika nyanda za juu za Kenya. Humo ndimo alimopata riziki, akaipoteza, kisha akaipata tena. Humo pia ndimo alimoonyesha kipaji ambacho watu wa viwanja vya mbio hukitafuta maisha yao yote: kumtazama farasi na kujua anaweza nini kabla mizani na rekodi hazijasema.

Mizani na ratiba ya siku

Ili kuelewa uzito wa kipaji hicho, ni vyema kwanza kuuelewa mchezo wenyewe. Msomaji wa Iyula, Vwawa au Tunduma, ambako farasi wa mbio ni nadra kuonekana, anaifahamu mizani ya Mpemba, ambako malori hupimwa ili yasizidishe mzigo. Kwenye mbio za farasi nako kuna mizani, lakini kazi yake ni kinyume. Mpanda farasi, maarufu kama joki, hupimwa pamoja na tandiko lake ili asipungukiwe uzito aliopangiwa. Akiwa mwepesi, huongezewa vipande vya risasi tandikoni. Baada ya mbio hupimwa tena, na akikutwa amepungukiwa, ushindi wake waweza kufutwa.

Uzito huo hupangwa kwa hesabu. Katika mbio za kusawazisha, ambazo hujaza sehemu kubwa ya ratiba za siku nyingi, ofisa maalumu huchunguza rekodi ya kila farasi, kisha humtwisha aliye bora mzigo mkubwa na aliye dhaifu mzigo mdogo. Lengo lake ni kwamba, kwa hesabu yake, wote wafike mwisho sambamba. Wapimaji wa Uingereza hukadiria kuwa katika mbio za maili moja, ratili mbili, yaani karibu kilo moja, ni sawa na urefu wa farasi mmoja kwenye mstari wa mwisho. Aliyesifika zaidi kwa kuiwekea kazi hiyo utaratibu ni Admirali Henry John Rous wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1877, ambaye alitunga jedwali la kuonyesha farasi wa umri fulani anastahili kubeba uzito gani.

Mtu anayeshika ratiba ya siku, awe mkufunzi au mcheza dau, huifanya hesabu hiyo hiyo kutoka upande wa pili. Yeye hutafuta mahali ofisa alipokosea. Hujiuliza kama farasi huyu alishindwa mara ya mwisho kwa sababu ya udhaifu au kwa sababu umbali ulikuwa mfupi kwake. Kama ardhi ilikuwa na tope. Kama joki alimbana mapema mno. Kama siku za mapumziko zimemtosha. Karatasi hujibu baadhi ya maswali hayo. Yaliyobaki hujibiwa na mnyama mwenyewe: namna anavyotembea, anavyokula, anavyopumua baada ya mazoezi, na joto la kano za miguu yake linapoguswa kwa kiganja alfajiri.

Zipo pia mbio zenye heshima kubwa zaidi, kama Derby na St Leger. Humo hakuna anayesawazishiwa. Farasi wa umri mmoja hubeba uzito mmoja, isipokuwa majike ambao hupunguziwa ratili chache. Mbio hizo hazimpi aliye dhaifu pa kujificha, na ni humo Beryl Markham alimojengea jina.

Utoto wa Njoro

Beryl Clutterbuck alizaliwa Oktoba 26, 1902 katika kijiji cha Ashwell, Rutland, nchini Uingereza. Alikuwa na umri wa takribani miaka minne alipoletwa Afrika Mashariki, ambako baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa ametangulia kutafuta maisha. Baba huyo alifanya kazi kwanza kwa mlowezi mashuhuri, Lord Delamere, kisha akaanzisha shamba lake huko Njoro, akajenga vinu vya kusaga nafaka na kupasua mbao, na juu ya yote akafuga farasi wa mbio.

Ikumbukwe kuwa ardhi hiyo haikuwa pori lisilo na wenyewe. Kwa mkataba wa mwaka 1904, Serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamasai kutoka Bonde la Ufa na kuwapeleka Laikipia, na nafasi zao zikachukuliwa na walowezi. Uwanja wa mbio wa Nairobi, mabanda ya farasi na fahari yote iliyofuata vilisimama juu ya msingi huo.

Mama yake hakuyaweza maisha ya Njoro. Alirejea Uingereza pamoja na kaka yake Beryl, na binti akabaki na baba ambaye muda wake mwingi uliishia shambani na mabandani. Malezi yake yakawa mikononi mwa watu wa shamba, hususan wa jamii za Kalenjin waliofanya kazi hapo. Alijifunza Kiswahili na lugha za wenyeji, akatembea peku, akaenda mawindoni na wanaume na kujifunza kurusha mkuki. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aitwaye Kibii, ambaye baba yake, kwa mujibu wa kitabu cha Beryl, aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alipokuwa mtu mzima Kibii aliitwa Arap Ruta, na alikuja kufanya kazi pamoja na Beryl kwa miaka mingi, kwanza mabandani na baadaye kwenye ndege.

Shule hakuipenda, na kipindi alichopelekwa Nairobi kusoma hakikudumu. Darasa lake lilikuwa banda la farasi. Huko alijifunza kumzalisha farasi, kumkanda misuli, kumfunga bendeji miguuni na kumpanda aliyewashinda watu wazima. Farasi wa mbio wa nasaba safi ni mnyama mwepesi wa hofu na wa ghadhabu. Vizazi vyake vyote huandikwa vitabuni, na kwa upande wa baba nasaba yake huishia kwa madume watatu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za mashariki karne ya 17 na ya 18. Mnyama wa namna hiyo humhitaji mtu asiyemwogopa wala kumwonea, na binti wa Njoro alikuwa mtu wa aina hiyo tangu utotoni.

Baba afilisika, binti apata leseni

Mwaka 1919, akiwa bado hajatimiza miaka 17, Beryl aliolewa na Jock Purves, mkulima wa jirani aliyemzidi umri kwa mbali. Ndoa hiyo haikudumu. Karibu na wakati huo ukame mkali uliikumba nchi, na baba yake, aliyekuwa amejifunga kwa mikataba ya kusaga unga kwa bei iliyopangwa mapema, alijikuta akinunua nafaka kwa bei kubwa kuliko ile ya kuuzia unga. Alitimiza mikataba yote, akabaki mikono mitupu. Shamba na farasi vikauzwa, naye akaenda Peru kufunza farasi wa watu wengine.

Beryl aliamua kubaki. Katika kitabu chake alieleza kuwa aliondoka Njoro kuelekea Molo akiwa juu ya farasi wake, Pegasus, huku mali yake yote ikiwa kwenye mifuko ya tandiko. Alikuwa na umri wa takribani miaka 18. Huko aliomba farasi wachache wa kufunza, na akapata leseni ya ukufunzi. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kupewa leseni hiyo nchini Kenya.

Ukubwa wa jambo hilo huonekana ukilinganishwa na Uingereza kwenyewe. Huko, chombo kinachosimamia mbio kiliendelea kuwanyima wanawake leseni hadi mwaka 1966, baada ya Florence Nagle kukipeleka mahakamani. Kabla ya hapo, mwanamke aliyefunza farasi alilazimika kuandikisha leseni kwa jina la mwanamume, mara nyingi mfanyakazi wake mwenyewe. Beryl alikuwa amekwisha kuandikwa kwenye ratiba za Nairobi kwa jina lake miaka 40 hivi kabla.

Leseni, hata hivyo, haikuwa mshahara. Mkufunzi hulipwa na wenye farasi, na mwenye farasi huweza kumwondoa mnyama wake wakati wowote. Binti asiye na baba wala shamba alikuwa akiishi kwa imani ya watu hao, na imani hiyo ilidumu kadiri farasi walivyoshinda.

Leger ya mwaka 1926

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 1926, katika St Leger ya Nairobi. Wakati huo uwanja wa mbio ulikuwa mashariki mwa mji, upande wa Kariokor na Eastleigh, na jina la Barabara ya Racecourse ni kumbukumbu ya enzi hiyo.

Kwa mujibu wa simulizi lake, Beryl alikuwa akimwandaa dume aitwaye Wrack, ambaye wengi walimwona kuwa ndiye mshindi. Zikiwa zimebaki wiki 12, mwenye farasi huyo alishawishiwa kuwa kazi ya kumalizia ilikuwa kubwa mno kwa msichana, akamwondoa na kumkabidhi kwa mkufunzi mwingine. Beryl akabaki bila farasi wa kushindana, na mpinzani wake mkuu akawa mnyama aliyemfunza yeye mwenyewe.

Ndipo Eric Gooch, mwenye farasi mwingine, alipompa jike aitwaye Wise Child. Nasaba yake ilikuwa njema na moyo wake mkubwa, lakini kano za miguu yake ya mbele zilikuwa zimeumizwa kwa mazoezi makali ya hapo awali. Kwenye karatasi, hesabu ilikuwa rahisi: dume mzima dhidi ya jike mwenye kasoro, katika mbio ndefu, na nafuu ya ratili chache tu. Mcheza dau mwenye busara asingesita.

Hapo ndipo ujuzi wake ulipopimwa. Akimkimbiza Wise Child sana, kano zingekatika kabla ya siku yenyewe. Akimhurumia sana, pumzi isingetosha kumaliza mbio. Ilimbidi ampe kazi kwa kipimo, kwenye ardhi laini, akiigusa miguu kila asubuhi na kuamua siku hiyo hiyo kama mnyama aongezewe mwendo au apumzishwe. Upande wa pili alikuwa na jambo moja ambalo ratiba haikulionyesha: alimjua Wrack. Alijua nguvu zake, na alijua pia mahali nguvu hizo zinapoishia.

Siku ilipofika, joki Sonny Bumpus alimpanda Wise Child na kumshindia. Beryl ameeleza kwamba katika hatua za mwisho miguu ya jike huyo ilikuwa imekwisha, akafika mbele kwa moyo tu. Waliochunguza maisha yake wamebaini kuwa alipenda kuipamba hadithi, lakini ushindi wenyewe haukupambwa. Wise Child alishinda St Leger ya mwaka 1926, na mkufunzi wake alikuwa na umri wa miaka 23.

Angani na ng'ambo

Mwaka uliofuata aliolewa na Mansfield Markham, tajiri wa Kiingereza ambaye jina lake alilibeba hadi kifo, na mwaka 1929 wakapata mtoto wa kiume, Gervase. Ndoa hiyo nayo ilivunjika, na mtoto akalelewa Uingereza upande wa baba yake.

Mwaka 1931 alianza kujifunza urubani chini ya Tom Campbell Black. Mei mwaka huo rafiki yake, Denys Finch Hatton, aliuawa ndege yake ilipoanguka Voi, lakini Beryl hakuacha. Mwaka 1933 alipata leseni ya urubani wa biashara, akawa anabeba barua, abiria na dawa, na kuwatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani.

Septemba 4, 1936 jioni, aliruka kutoka Abingdon, Uingereza, kwa ndege aina ya Vega Gull iliyoitwa The Messenger. Alikusudia kufika New York. Injini ilizimika baada ya mafuta kushindwa kupita, na siku iliyofuata akaangukia Baleine Cove, katika kisiwa cha Cape Breton. Akawa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, dhidi ya upepo. Wiki mbili baadaye Campbell Black alifariki katika ajali ya ndege kiwanjani Liverpool.

Beryl alihamia Marekani, na mwaka 1942 kilichapishwa kitabu chake cha kumbukumbu, West with the Night. Kilisifiwa, kisha kikasahaulika katikati ya kelele za vita. Mwaka huo huo aliolewa mara ya tatu, na mwandishi Raoul Schumacher. Baadaye ulizuka ubishi kama kitabu hicho kiliandikwa na Beryl au na mumewe huyo, ubishi ambao wasomi wameuendeleza kwa miaka mingi. Ndoa ilikwisha, fedha zikaisha, na Beryl akarejea Kenya akiwa na umri unaokaribia miaka 50, bila ndege, bila shamba na bila farasi.

Kurudi kwenye mabanda

Wanaoanza upya ukufunzi katika umri huo ni wachache. Mbio zenyewe zilikuwa zimehama: tangu mwaka 1954 uwanja ulikuwa Barabara ya Ngong, ambako uko hadi sasa. Wenye farasi walikuwa wapya, na wengi walimfahamu kama mwanamke wa ndege tu.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 alikuwa na mabanda tena, na katika miaka iliyofuata jina lake lilitawala ratiba. Farasi kama Niagara na Lone Eagle walitoka mikononi mwake, na joki Buster Parnell alikuwa miongoni mwa waliompandia. Kumbukumbu za maisha yake zinamhesabia ushindi wa Derby ya Kenya mara sita na tuzo ya mkufunzi bora mara tano. Ikizingatiwa kuwa Derby ni mbio za farasi wa miaka mitatu pekee, na kwamba kila mnyama hupata nafasi moja tu maishani, kushinda mara sita ni kuchagua sawasawa na kuandaa sawasawa mara sita, kila mara na mnyama mpya.

Waliofanya kazi naye walimweleza kama mtu mgumu: mkali kwa masaisi, msahaulifu wa madeni, asiyesamehe uzembe. Lakini mafanikio yake hayakuwa ya mkono mmoja. Masaisi hao ndio walioamka kabla ya alfajiri, waliosafisha, waliolisha, waliotembeza na kulala karibu na wanyama. Majina yao hayakuandikwa kwenye ratiba ambazo kila farasi, joki, mkufunzi na mmiliki alipewa mstari wake. Arap Ruta anajulikana kwa kuwa tu Beryl alimwandika kitabuni.

Katikati ya miaka ya 1960 alihamia kusini mwa Afrika, akitumaini kuendeleza ushindi wake huko. Mambo hayakwenda kama Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa amerudi Nairobi. Alifunza farasi wachache kadiri nguvu zilivyopungua. Mwishowe alikuwa akiishi katika nyumba ndogo ndani ya eneo la uwanja wa mbio wa Ngong, kwa hisani ya klabu inayosimamia mbio, akiwa na fedha kidogo sana.

Mwaka 1983 kitabu chake kilichapishwa upya nchini Marekani, baada ya kugundulika barua ya zamani ambamo Ernest Hemingway alikisifu. Safari hii kiliuzwa kwa wingi, na mapato yake yakamwezesha kumaliza miaka yake ya mwisho kwa nafuu. Alifariki dunia jijini Nairobi Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83, mwezi mmoja kabla ya kutimia miaka 50 tangu aivuke Atlantiki.

Wanasayansi wameipa jina la Markham kreta moja katika sayari ya Zuhura, na sifa hiyo nayo ni ya angani. Lakini katika uwanja wa Ngong hesabu ni ile ile iliyomkabili na Wise Child: ratili zilizoandikwa kwenye karatasi upande mmoja, na miguu ya mnyama upande wa pili. Beryl Markham aliishi kwa kujua tofauti kati ya hivyo viwili, na kwa miaka mingi alilipwa au kulala njaa kutokana na usahihi wa jibu lake.